Kabla ya Kuusaini Mstari wa Sita

Neema mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, mama yako amekufuata na kapu la viazi, na nyumba imebaki na mimi na ile karatasi ya Patroni wako mpya, tajiri atakayekuajiri. Mvua imeanza kushuka kutoka mlimani, kwa hiyo najua hamtarudi upesi. Nina kalamu mbili na hasira ya jana ambayo bado haijapoa. Kesho asubuhi pikipiki itakuja kukuchukua, ikupeleke kazini Pinga.

Sitakuandikia habari za koti la mvua wala za kuchemsha maji. Mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na ulikuwa unajua kabla hajafungua kinywa. Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza jana tukila. Mimi, mtu anayejibu hata maswali ambayo hakuulizwa, hilo sikulijibu.

Tulikuwa tunagombana juu ya mstari wa sita. Nimeisoma karatasi tena sasa hivi, labda jana niliisoma kwa jicho la ugomvi. Hapana. Umeandikwa hivihivi: "Ni marufuku kwa mfanyakazi kubadili namna ya kazi au kujaribu jambo lolote jipya. Atakayefanya hivyo atafukuzwa siku hiyohiyo, na msimamizi ndiye atakayemfukuza." Msimamizi ni wewe. Unatakiwa kutia sahihi chini yake, umpe karatasi mtu wa pikipiki airudishe kwa Patroni, kisha siku ya kwanza uwasomee nakala yake wafanyakazi kumi na mmoja wa mashine ya kukamua mawese, nao wakiwa wamesimama wima kama wafungwa.

Nilisema mstari ule ni aibu. Nilisema na mengine ambayo majirani wameyasikia. Wewe ukaweka chini tonge lako.

"Papa, mi nitasaini tu. Kisha nikifika kule nitafanya yangu. Nani atakuya Pinga kuangalia?"

"Huyu njo mutoto nililea?"

"Na wewe, Papa? Ulikuwa kapita miaka yote ile. Siku yako, ulifanya nini?"

Nikasema bugali imepoa, nikatoka nje. Haikuwa imepoa.

Basi, hiki ndicho nilichofanya.

Laiteri ya Ngungu, kile kiwanda cha jibini, unaikumbuka kwa harufu, maana ulikuwa mdogo na nilikukataza kuingia. Maziwa yalikuja kutoka vilima vitatu, ndani ya madumu tuliyoyaita mabidoni, juu ya vichwa na migongo ya watu. Yalimwagwa ndani ya sufuria tatu kubwa kadiri yalivyofika, ya kilima hiki juu ya kile. Tuliyatia dawa ya kugandisha, tukayakata, tukayakandamiza ndani ya vibao vya duara, tukatia jibini kwenye maji ya chumvi, kisha tukazipanga juu ya rafu za mbao mahali penye giza. Pale zilikaa majuma mengi, na kila siku ilibidi mtu apite kuzigeuza moja moja. Mimi nilikuwa kapita, msimamizi wao. Patroni wangu, mwenye laiteri, alikaa mjini, akaja mwisho wa mwezi.

Kila Jumatatu niliwapanga watu foleni mbele ya mlango. Desturi hiyo sikuibuni. Ilitoka kwenye mashamba ya wakati wa Wabelgiji, kapita mmoja akamwachia mwingine kama ugonjwa wa ukoo. Nilitamka kazi ya kila mtu, naye akajibu, "Ndiyo, Kapita." Aliyeongeza neno la tatu alirudi nyumbani siku hiyo. Niliiita nidhamu. Nilikuwa nimekwisha kusoma vitabu vingi vya mapadri wakati huo, Neema, na jioni nilikuwa nawahubiria rafiki zangu habari za uhuru wa mtu mweusi mpaka bia inakwisha. Asubuhi nilikuwa napanga foleni. Sikuona tofauti yoyote. Msomi anaweza kuishi miaka ishirini bila kukutana na nafsi yake, mradi asisimame karibu na watu anaowaamuru.

Siku moja Patroni alirudi kutoka semina na sanduku la mbao lenye kufuli na tundu juu. "Sanduku la mawazo," akasema. "Wafanyakazi waandike, wewe usome, uniletee." Ufunguo akanipa mimi. Mwezi ukapita, sanduku likawa na buibui. Ni nani angeandika? Nusu yao hawakupata shule, na waliopata walijua ufunguo uko mfukoni mwa nani. Patroni akakaribia kuja, mimi nikaogopa. Nikaketi nikayaandika mawazo mwenyewe. Wafanyakazi wanapendekeza kufika mapema zaidi. Wafanyakazi wanapendekeza kupunguza maongezi. Patroni akayasoma mbele ya watu wote kwa furaha kubwa, na Papa Bauma, mzee wa kumwaga maziwa, akanong'ona nyuma yangu: "Ile sanduku iko na mwandiko sawasawa na ya Kapita." Nilijifanya sikusikia. Nilisikia, mwanangu. Bado nasikia.

Ukitaka kujua kwa nini mimi hucheka kwa kelele mbaya kila mara mtu akija kijijini na karatasi kubwa na kalamu za rangi kutuuliza "maoni ya walengwa", sasa unajua. Nacheka kama mwizi anayemtambua mwizi mwenzake.

Halafu, msimu mmoja wa mvua, jibini zilianza kuvimba. Si zote. Unaziacha jioni zimekaa vizuri, baada ya siku kumi moja imefura kama shavu la mtu mwenye jino bovu, ukiikata ndani ni matundu na uvundo. Patroni akatuma barua za kunitukana. Nikaongeza usafi, nikaongeza chumvi, nikaongeza matusi. Zikaendelea kuvimba.

Mwanamke aliyezigeuza aliitwa Mama Sifa. Mjane, watoto wanne, sauti ndogo. Jumatatu moja, akiwa kwenye foleni, akaongeza neno la tatu.

"Ndiyo, Kapita. Lakini mi naona sawa vile haya maziwa hayako namna moja."

"Mama Sifa, kazi yako ni nini?"

"Kugeuza, Kapita."

"Basi geuza. Hata mudomo wako, ugeuze uangalie ndani."

Watu wakacheka. Sikumrudisha nyumbani, nikajiona mwema. Nataka ulijue hili juu ya baba yako: mabaya mengi aliyowafanyia watu aliyafanya kwa utani, na watu wakacheka, naye akahesabu vicheko kama kura.

Mama Sifa alikwenda kwa Papa Bauma, wakapatana kimya kimya. Papa Bauma akaanza kumwaga maziwa ya kila kilima kwenye sufuria yake, bila kuchanganya. Mama Sifa, jibini zilipotoka kwenye maji ya chumvi, akawa anatia alama kwa msumari chini ya kila moja: mkato mmoja kwa kilima cha kwanza, miwili kwa cha pili, mitatu kwa cha tatu. Hakuharibu chochote. Alitaka tu kujua uvimbe unatoka wapi. Nimesoma baadaye vitabu vinavyoliita jambo hilo kwa majina marefu, na kuna watu wanakwenda ng'ambo kulisomea. Mama Sifa alitumia msumari.

Niliziona alama. Unajua kwetu alama ni nini. Mbuzi hukatwa sikio, jembe huchomwa mpini, na maana yake ni moja: hiki ni changu. Nikaona mikato chini ya jibini za Patroni, nikaona wizi. Sikuuliza akilini mwangu swali la pili. Nikawaita wote.

"Hii alama ni ya nani?"

"Ni yangu, Kapita," akasema Mama Sifa.

"Umeziuzisha nani? Shofere wa kamyo?"

"Siibake, Kapita. Ninahesabu vilima."

"Anahesabu vilima! Mumesikia, bantu? Vilima vya Masisi vilikuwa vinapotea, leo tumepata mama wa kuvihesabu!"

Wakacheka tena. Papa Bauma hakucheka, lakini pia hakusema. Nilimfukuza Mama Sifa palepale. Alivua aproni yake, akaikunja taratibu kama nguo ya Jumapili, akaiweka juu ya rafu. Akaniambia neno moja tu kabla ya kutoka: "Zigeuze kila siku, Kapita. Usisahau zile za chini." Alifikiria jibini. Nilikuwa nimemnyang'anya chakula cha watoto wake, yeye akafikiria jibini.

Majuma matatu baadaye nilikwenda kutoa zilizovimba ili zitupwe kwa nguruwe. Nikashika ya kwanza, vidole vyangu vikagusa mikato mitatu. Nikaigeuza ya pili. Mitatu. Nikapiga magoti nikaanza kuzigeuza zote, nikazitoa hata zile za rafu ya chini. Kila iliyovimba ilikuwa na mikato mitatu. Kila iliyo nzima ilikuwa na mmoja au miwili. Hapakuwa na hata moja iliyokosea. Yule mama alikuwa ameniandikia barua chini ya jibini mia, na mimi, msomaji mkubwa, nilimfukuza mwandishi kabla ya kusoma.

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kilima kimoja tu. Ningeweza kwenda kabla jua halijatua. Sikuenda. Nilimngoja Patroni.

"Patroni," nikamwambia, "nimefanya uchunguzi."

Akasikiliza, akagonga meza. "Kapita, kumbe wewe ni enjenieri!"

Akanipa redio. Ndiyo, ile. Ile uliyoijua nyimbo zake zote kabla ya kujua kusoma, ile ambayo mama yako aliifunika kitambaa alichokishona. Ilikuwa ya Mama Sifa.

Na Patroni alifanya nini na ugunduzi "wangu"? Akaacha kununua maziwa ya kilima cha tatu. Watu wa kule waliuza ndama, wengine wakashuka kutafuta kazi migodini. Mama Sifa alitaka kujua ugonjwa uko wapi ili autibu. Mimi nilichukua alichokijua, nikakipeleka juu, na kule juu kikageuka fimbo. Ndiyo maana siamini neno hata moja la wale wanaosema wazo ni wazo tu, haijalishi nani amelisema. Inajalisha! Aliyeliwaza ndiye anayejua ni la kazi gani. Ukimnyang'anya, umebeba jembe bila kujua shamba.

Nilisifiwa miaka miwili kwa akili isiyo yangu. Katika miaka hiyo sikusikia wazo jingine hata moja laiterini. Walifanya kila nilichosema, hata nilipokosea, hasa nilipokosea. Siku moja nikamkuta Papa Bauma akizungumza na wachukuzi, akasema kwamba maziwa ya kilima cha tatu yalikuwa yanaharibika kwa sababu wachukuzi walipumzika darajani, mabidoni yakipigwa jua.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua, Kapita."

"Tangu lini?"

"Tangu Mama Sifa angali hapa."

"Juu ya nini haukusema?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza kwa nini moto unaunguza. "Niko na watoto, Kapita."

Watakuambia mfanyakazi wetu hana ubunifu. Wanasema mjini kwenye viti vya ngozi, wanasema kwenye semina wakila kuku: "Shida ya watu wetu hawajui kufikiri." Waambie kwamba nimemwona mtu akilibeba jibu miaka miwili mdomoni kama mawe kwa sababu alipiga hesabu ya kulitoa akaona gharama yake. Huyo anafikiri vizuri kuliko sisi sote. Anafikiri mpaka mwisho.

Baada ya jibu lile nilimtafuta Mama Sifa. Alikuwa amehamia Buleusa, kwenye mashamba ya kaka yake. Nyinyi niliwaambia nakwenda kuangalia ng'ombe wa kununua. Nilikwenda kwa pikipiki mpaka njia ilipokataa, kisha kwa miguu. Nilimkuta anapalilia karanga. Hakusimamisha jembe.

"Papa Neema! Umekuya kuhesabu vilima?"

Nilistahili. Nikamwambia yote, nimesimama kwenye matope na viatu vyangu vya Jumapili. Nikamwambia hata habari ya redio.

"Ile redio ilikuwa inaimba muzuri?"

"Muzuri, mama."

"Afazali ingeimba mubaya." Akacheka kidogo, na kicheko kile kilinichapa kuliko tusi. Nikamwambia nitamwomba Patroni amrudishe. Akatikisa kichwa. "Mi sirudi kule. Hapa nikiona karanga inataka namna ingine, ninapanda namna ingine. Ikikufa, ni mi nilikosea, mwaka kesho ninajua. Lakini Bauma angali kule. Muulize. Na ukimuuliza, unyamaze, Papa Neema. Wewe haujuake kunyamaza."

Nilirudi nikavunja foleni. Jumatatu ile niliwaketisha watu juu ya mabidoni, nikaketi na mimi, nikauliza: "Munaona nini kwa hii kazi?" Kimya. Jumatatu ya pili, kimya. Hujui kimya kile kilivyo kirefu kwa mtu kama mimi. Niliuma ulimi kwelikweli. Jumatatu ya tatu Papa Bauma akakohoa.

"Kapita, kama huu ni mutego, sema sasa, mi niende kwangu polepole."

"Hapana mutego, Papa Bauma. Mama Sifa alikuwa na haki. Mi njo nilikosea, na nilikula sifa yake." Niliyasema mbele yao wote. Nilidhani nitakufa. Sikufa. Mtu mmoja akasema, "Na sanduku je?" wakacheka, safari hii mimi nikiwa chini ya kicheko chao, na nakuambia kwamba mahali pale pana hewa kuliko nilivyofikiri.

Papa Bauma akapendekeza wachukuzi wapumzike chini ya daraja, si juu yake, na mabidoni yatumbukizwe kwenye maji baridi ya mto mpaka wamalize kupumzika. Tukajaribu. Maziwa ya kilima cha tatu yakafika mazima. Nikamwandikia Patroni, safari hii kwa jina la mwenye wazo, naye akakubali kuyanunua tena.

Ningependa kuishia hapo, kama wanavyoishia kwenye semina. Lakini wewe ulitaka kujua nilifanya nini, si kile kinachopendeza.

Papa Bauma alipata wazo jingine: chumvi itiwe kwenye maziwa yaliyoganda, kabla ya kukandamizwa, ili tuache yale maji ya chumvi yanayochafuka wakati wa mvua. Tukabishana, nikakubali sufuria moja ijaribiwe. Jibini zilitoka kavu, zikavunjikavunjika kama muhogo uliosahauliwa juani. Sufuria nzima ilipotea. Na Patroni, ambaye huja mwisho wa mwezi, akaja katikati.

Alisimama mbele ya yale makombo. "Nani alitoa amri ya huu upumbavu?"

Macho yote yakaenda chini. Nilimwona Papa Bauma anafungua kinywa.

"Mimi," nikasema.

"Wazo lilikuwa la nani?"

"Wewe uliniweka mimi hapa. Niliruhusu mimi. Na kesho nitaruhusu tena, kwa sufuria ndogo zaidi."

"Hapa hapana bunge, Kapita."

"Basi hapana kapita."

Siku hiyohiyo nilirudi nyumbani. Nyinyi niliwaambia kwamba ni mgongo, kwamba daktari amenikataza kazi nzito. Mama yako alinikanda kwa mafuta miezi mitatu mgongo usiouma. Na wewe ulikaa nyumbani mwaka mzima bila shule, ukiwatazama wenzako wakipita na daftari, kwa sababu sikuweza kulipa. Uliniuliza mara moja tu, nikakufokea.

Sasa unajua. Usinisamehe haraka. Sijutii kusema "mimi" mbele ya Patroni. Ningelisema tena leo na mvua hii. Najuta kwamba niliwaficha ninyi bei yake huku nikikulipisha wewe. Nilitaka niwe jasiri kazini na mgonjwa nyumbani. Ndiyo sababu jana, uliposema unahitaji kazi, sikuwa na haki ya kukupigia kelele. Unaihitaji. Najua kwa nini unaihitaji kuliko wewe mwenyewe ulivyojua.

Lakini hasira yangu ya jana haikuwa yote ya ujinga, na sasa naipigania kwa utulivu, ikiwa naweza.

Unasema utasaini kisha utafanya yako. Fikiri, Neema. Utakuwa mwema. Utamwacha mtu wa mashine ajaribu kuchemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi, muda mrefu zaidi, au mama wa kuchuja atumie kitambaa kingine. Utakonyeza jicho. Na siku Patroni atakapofika katikati ya mwezi, sahihi yako itakuwa chini ya mstari wa sita, na mstari huo umesema nani atafukuzwa na nani atamfukuza. Utakuwa umewaalika watu kwenye mlango ulioufunga kwa mkono wako mwenyewe. Mama Sifa alifanya yake kwa siri kwa sababu mlango haukuwapo. Siri ilimfukuza, si wazo. Kama angeweza kuniambia "ninahesabu vilima" siku ya kwanza, nikamsikiliza, angekuwa pale mpaka leo. Huruma ya kichinichini ni anasa ya msimamizi. Wanaoilipia ni walio chini.

Najua pia hoja ya Patroni wako, na nitamtetea kabla hujamtetea wewe, maana sipendi ushindi wa bure. Mtu wa mashine aliyemtangulia yule wa sasa alifungua injini bila kujua, ikafa, na kuifikisha nyingine Pinga kwa barabara ile ni kazi inayomzeesha mtu. Patroni amepoteza mzigo njiani mara nyingi. Ameogopa. Sawa. Angeandika basi: "Asiyeijua injini asiifungue." Angeandika: "Anayetaka kujaribu jambo amwambie msimamizi, wajaribu kwa kidogo." Hiyo ni hofu ya mtu mwenye akili, na mimi ningeitia sahihi. Yeye ameandika kwamba watu kumi na mmoja, ambao mikono yao iko ndani ya mawese kila siku wakati yeye yuko mjini Butembo, wasione kitu. Au wakiona, wameze.

Kwa hiyo karatasi hiyo ina njia ya tatu, ambayo jana sikukupa nafasi ya kuitafuta kwa sababu nilikuwa nimekamata meza kwa mikono yote miwili. Unaweza kuandika mstari mwingine pembeni yake, wako, kwa maneno yako, utie sahihi chini ya huo, umpe mtu wa pikipiki. Patroni anaweza kukubali. Anaweza pia kukurudisha. Sitakudanganya kwamba ukweli hulipa. Umeona mwenyewe ulivyonilipa, na wewe ulikatwa sehemu yako.

Na kama utafika Pinga na mdomo ulio wazi, utaona kwamba kuruhusu ndiyo sehemu rahisi. Watakunyamazia. Watakupa mawazo mabaya kwanza ili waone uso wako. Mmoja atakuchekesha kwa hasara ya mwenzake na utatamani kucheka. Wazo zuri litakapokuja, utasikia ndani yako sauti ndogo ikisema "hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo". Hiyo ni sauti yangu. Umeirithi pamoja na paji la uso. Ikatae, utaje jina la mwenye wazo kwa sauti, mbele ya watu, kabla jina hilo halijapoa.

Nakiri jambo moja la mwisho, la leo hii. Mlipotoka nilichukua kalamu nikaisogeza karatasi. Nilitaka kuukata mstari wa sita kwa mkono wangu, kwa mistari miwili mizito, niandike pembeni jibu kali lenye kitu cha kumfundisha Patroni huyo, niikunje, niitie ndani ya mfuko wako, kesho uondoke nayo bila kujua. Nilikuwa nimekwisha kupata na sentensi, Neema, sentensi nzuri. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi nilipoutambua mkono wenyewe. Ulikuwa wa kapita.

Kuna nukta moja ya wino pale ukingoni. Ni yangu, samahani. Zaidi ya hiyo sikuandika kitu. Karatasi iko mezani, kalamu iko juu yake, na nasikia sauti zenu kwenye njia. Nitakapokufungulia mlango sitasema neno. Nitaketi, na nitangoja uniambie unavyoona wewe.

Papa yako